Kununua kwa Kibaba si Israfu

Imekuwa desturi katika zama zetu, kila bei ya unga inapopanda na kila mwezi unapoelekea ukingoni, kusikia redioni, katika semina za akina mama, katika nasaha za ndoa na hata katika mabaraza ya kahawa, waadhi mmoja unaokaririwa kwa ndimi nyingi: ya kwamba nyumba za watu wa kipato kidogo hazifiki mwisho wa mwezi kwa kuwa hazijui kupanga matumizi; ya kwamba mama amtumaye mtoto dukani asubuhi kununua sukari robo, na jioni kupima mafuta ya shilingi 500, anaupoteza mshahara wa mumewe bila ya kujijua; na ya kwamba dawa ya maradhi hayo ni moja tu, nayo ni kuketi siku fedha inapoingia, kuandika orodha, kutenga fungu la chakula, kununua vyote kwa jumla, kisha kutotia mkono mfukoni tena mpaka mwezi mwingine uandame.

Waadhi huu una sura ya hekima, na wengi wautoao wana nia safi. Sina ugomvi na hesabu, wala simtetei mtu aishiye bila ya kujua kilichoingia na kilichotoka. Ninayoikataa, tena kwa moyo wangu wote, ni hukumu iliyofungwa ndani ya nasaha hiyo: kwamba nyumba isiyoweza kushika masurufu ya mwezi ni nyumba ya wazembe au ya wajinga, na kwamba kununua kwa kibaba ni israfu. Hukumu hiyo imeenea kiasi cha kuaminiwa hata na wale inaowadhulumu, ukamsikia mama aliyelisha watu saba kwa fedha isiyowatosha watatu akijilaumu mbele ya shoga zake kwamba yeye hajui bajeti. Dhuluma ya namna hii haifai kunyamaziwa.

Tuanze na mwezi wenyewe. Masurufu ya mwezi yanataka kwanza mapato ya mwezi, na mapato ya mwezi ni neema ya wachache. Mwalimu, muuguzi na karani wa serikali wanayo. Lakini mchukuzi wa Kariakoo hulipwa kwa mzigo. Fundi wa ujenzi hulipwa kwa siku, na siku ya mvua hana kazi. Mama lishe huijua faida yake jioni, baada ya kurudisha fedha ya mchele na ya mkaa. Kijana wa bodaboda asiyemiliki pikipiki hana budi kutimiza kwanza hesabu ya tajiri wake, na kinachobaki baada ya hesabu na petroli ndicho kiendacho nyumbani, kiwe 12,000 au kiwe 3,000. Mvuvi wa dagaa ndiye ninayetaka msomaji amtazame kwa makini zaidi, maana yeye mwezi wake ni ule wa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao huifuata taa pale palipo na giza. Mbalamwezi ikishika anga, taa hupoteza nguvu zake na vyombo vingi hupumzika pwani. Basi nyumba ya mvuvi huyo ina siku za giza ambazo fedha huingia, na siku za mbalamwezi ambazo haiingii, na juu ya hayo zipo siku za kusi kali ambapo hata giza halimfai mtu. Mkewe anaijua taratibu hiyo kuliko mshauri yeyote, na nyumba yake huiendesha kwa kuifuata: giza likiwapo hulipa deni la dukani, huongeza unga wa akiba, hubakiza dagaa kidogo wa kukausha; mbalamwezi ikija, hula akiba hiyo kwa kipimo, na ikipungua hukopa. Mtu amwitaye mwanamke huyu asiyepanga, kwa sababu tu hakununua gunia tarehe mosi, anaihukumu bahari kwa kalenda ya ukutani.

Sasa tuingie jikoni, mahali ambapo washauri wengi hawafiki. Tumchukue mama mmoja wa Tandale, Dar es Salaam, aliyeachiwa asubuhi shilingi 10,000 za matumizi, naye ana watu sita wa kulisha. Mshauri humwona dukani akinunua vitu vidogo vidogo, akaondoka na hoja yake imekamilika. Angemfuata hadi uani angeona mengine. Mama huyo haanzi na chakula. Huanza na mkaa, kwa kuwa anajua ya kwamba bei ya chakula haiishii kwenye meza ya muuzaji. Maharage ni rahisi kuliko nyama, lakini hula moto: ukiyatia chunguni makavu yatakaa jikoni saa mbili au zaidi, na makopo mawili ya mkaa yatakwenda nayo. Basi huyaroweka tangu usiku, akayachemsha mara moja kwa siku mbili, nusu akaiunga leo kwa nyanya na kitunguu, nusu akaiacha kesho aiunge kwa nazi, ili moto mmoja utumikie milo miwili. Maharage yakiiva, makaa yanayosalia huyafunika kwa majivu, akabandika juu yake sufuria ya maji ya kuogeshea watoto. Mchicha hununua jioni, saa ambayo muuzaji anakunja biashara yake na yu tayari kuongeza fungu. Nyanya huchagua zile zilizolainika, zinazouzwa kwa bei ya chini, kwa sababu atazipika siku hiyo hiyo na hana haja ya zile ngumu za kukaa wiki.

Na hayo mafuta ya kupima, ambayo ndiyo ushahidi mkubwa wa washitaki wake! Anajua vyema kwamba chupa ya lita ina nafuu. Lakini anajua pia kwamba jiko lake lina wapishi wengi, binti, wifi, mdogo wa mume aliyekuja mjini kutafuta kazi, na kwamba chupa ikiwa imejaa kila mmoja humimina kwa jicho la chupa iliyojaa, lakini kikombe kikiwa ni kile kile cha leo, mkono wa kila mtu hujizuia wenyewe. Yaani kipimo kidogo ndicho mlinzi wake. Bajeti iliyoandikwa katika daftari humtaka kila aliye nyumbani awe na nidhamu. Bajeti iliyomo ndani ya kikombe haimtaki mtu chochote, kwa kuwa kilichokwisha kimekwisha. Mimi sijaona katika vitabu vya iktisadi ya nyumbani utaratibu mkali kuliko huo, na nashangaa kwa huzuni jinsi ulivyopewa jina la uzembe.

Hoja yao iliyo nzito, nami siipuuzi, ni ile ya bei. Wanasema: kilo ya sukari ikiwa 3,000, na robo ikiuzwa 800, basi anayenunua robo nne ametoa 3,200, na zile 200 zimepotea, zikusanye kwa mwezi, kwa sukari, kwa mafuta, kwa mchele, kwa mkaa, utaona fedha ya kununulia viatu vya shule. Hesabu hiyo ni sahihi. Mnyonge hulipa zaidi kwa kila kilo, na jambo hilo ni baya, na yafaa liwatie aibu wenye mamlaka. Lakini wanaoitaja hesabu hiyo hawaulizi zile 200 zimenunua nini, wakadhani zimetupwa.

Zimenunua mambo matatu. La kwanza ni ghala: anayeishi na familia yake katika chumba kimoja cha kupanga, chenye kitanda, ndoo za maji na nguo juu ya kamba, hana mahali pa kuweka gunia, na duka la mtaani ndilo linalomwekea vyakula vyake pakavu mpaka saa anapovihitaji. La pili ni uhuru wa fedha yake. Shilingi 60,000 zilizofungwa katika mchele na ndoo ya mafuta haziwezi kumpeleka mtoto zahanati usiku wa manane, wala kulipa nauli ya kwenda kuzika. Na mtu ambaye akiba yake yote ni hizo hizo 60,000 hana haki ya kuzifunga, hata kama kuzifunga kungempa nafuu ya elfu tano. La tatu ni imani ya mwenye duka. Yule ambaye watu wa Dar es Salaam humwita Mangi ana daftari chini ya meza, na katika daftari hilo hawaandikwi wapita njia. Huandikwa wale ambao anawaona kila siku, anaojua kazi zao na watoto wao, na aliokwisha kuwajaribu kwa deni dogo kabla ya kubwa. Anayenunua kila kitu kwa jumla sokoni mwanzo wa mwezi, akaja kwa Mangi tarehe 24 kuomba unga kilo mbili kwa mkopo, ni mgeni, na mgeni haandikwi. Kwa hiyo zile 200 ni ujira wa ghala, na bima, na benki, vyote kwa pamoja, tena kwa mtu ambaye ghala, bima na benki za mjini hazijamfungulia mlango.

Wala si mimi peke yangu niliyeliona jambo hili. Mwaka 2009 kilitoka kitabu cha Daryl Collins na wenzake watatu, *Portfolios of the Poor*, kilichojengwa juu ya kumbukumbu zilizokusanywa kwa mwaka mzima, mara mbili kwa mwezi, kutoka nyumba za Bangladesh, India na Afrika Kusini. Waandishi hao walikuta kwamba shida kubwa ya nyumba hizo haikuwa uchache wa mapato peke yake, ila pia kutotabirika kwake, na kwamba hata nyumba fukara kabisa zilikuwa zikiendesha kwa wakati mmoja njia kadhaa za kukopa, kukopesha na kuweka. Waliokuwa wakidhaniwa kula leo bila ya kuiwaza kesho walikuwa, kwa hakika, wakiiwaza kesho kila siku.

Tuseme sasa kwamba fedha ya kununua kwa jumla imepatikana, na gunia limeingia nyumbani. Je, hesabu imekwisha? Kwanza kuna wadudu. Mchele una fukusi, mahindi yana dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora, akatambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo akawatia hasara wakulima wenye maghala yao, sembuse mpangaji mwenye pembe moja ya chumba. Kisha kuna unyevu. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa, kwa kula mahindi ya kwao wenyewe yaliyowekwa yakiwa hayajakauka. Silitaji jambo hilo ili kumtisha mtu na gunia. Nalitaja kwa sababu kuhifadhi nafaka ni elimu, na kunataka pakavu, hewa na nafasi, na mwenye kutoa nasaha ya kuhifadhi hana budi kwanza kuuliza mtu atahifadhi wapi.

Lakini adui mkubwa wa gunia si fukusi. Ni haya, nami naliandika neno hilo kwa heshima, kwa sababu haya ni katika mambo mema tuliyorithi. Nyumba yenye gunia haiwezi kusema haina. Jirani aliyepungukiwa mchele usiku atakuja na bakuli, na hatarudi mikono mitupu. Binamu aliyefika kutoka Lindi kwa siku mbili atakaa siku tisa. Msiba ukitokea mtaani, mwenye gunia hutoa mchele wa sufuria nzima, na mwenye robo hutoa robo, na wote wawili wametimiza wajibu. Mshauri wa bajeti atasema: basi ajifunze kukataa. Nami namjibu: siku ambayo jirani huyo anayekataliwa ndiye atakayekuwa na mchele, na aliyemkataa ndiye atakayekuwa na bakuli, mshauri atakuwapo? Kupeana huko ndiko kunakotuvusha sisi tusio na pensheni wala bima ya matibabu. Mama anayejua kwamba hawezi kukataa, naye hataki kukataa, akaamua asiwe na kingi cha kugawa kwa wakati mmoja, amepata njia ya kuyahifadhi mapenzi ya jirani na chakula cha watoto wake kwa pamoja. Kwangu mimi hiyo ni akili ya hali ya juu.

Nakuja kwenye bei za soko, ambazo ndizo zinazozivunja bajeti kuliko israfu yote ya wanawake wote ikikusanywa. Ernst Engel, mtakwimu wa Kijerumani, alibainisha mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba inavyokuwa maskini ndivyo sehemu ya matumizi yake iendayo kwenye chakula inavyokuwa kubwa, na zaidi ya karne moja na nusu ya uchunguzi imemsadiki. Matokeo yake yaonekane kwa hesabu nyepesi. Chukua nyumba yenye mapato ya shilingi 300,000, ambayo 200,000 huliwa. Na nyumba nyingine yenye 3,000,000, ambayo 600,000 huliwa. Chakula kikipanda bei kwa moja ya tano, ya kwanza inatakiwa iongeze 40,000, na kwa kuwa ilibakiwa na 100,000 kwa kodi, shule, nauli na dawa, imenyang'anywa sehemu mbili katika tano za kila kilichosalia. Ya pili inaongeza 120,000 kutoka katika 2,400,000, yaani sehemu moja katika ishirini; itanung'unika, italipa, na orodha yake ya mwezi itabaki vile vile ilivyoandikwa. Kisha mwenye nyumba ya pili husimama mbele ya mwenye nyumba ya kwanza akamfundisha uthabiti.

Na bei hizo hupandishwa na nani? Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, ilizuia kuyapeleka nje, wakati vita ya Ukraine ilikwisha kuyakata mafuta ya alizeti ya huko. Zuio lilidumu chini ya mwezi mmoja, lakini kikombe cha mafuta cha Manzese na cha Kongowea kilikuwa kimekwisha kupungua. Julai ya mwaka huo huo serikali ya Kenya ilitoa ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo 2, iliyokwisha kuvuka shilingi 200 za Kenya, iuzwe kwa 100. Muda si mrefu ruzuku ikaondolewa. Mwanzoni mwa 2024 mvua nyingi ziliharibu uvunaji wa miwa nchini Tanzania, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi, na pamoja na bei elekezi hiyo sukari ikauzwa mahali pengi kwa zaidi ya 4,000 kwa kilo. Nauliza kwa insafu: mama aliyeandika katika daftari lake mwezi Desemba kwamba sukari ni kilo tatu kwa mwezi, akafika Februari akanunua kilo moja na nusu kwa fedha ile ile, ameshindwa kushika bajeti, au bajeti ndiyo iliyoshindwa kumshika yeye? Aliyezoea kununua robo angalau alikuwa na wepesi wa kugeuka: bei ilipopanda Jumatatu, Jumanne alikwisha kupunguza.

Lawama hii ina nasaba, na yafaa tuijue nasaba yake. Wakati wa ukoloni mshahara wa mfanyakazi Mwafrika mjini ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, kana kwamba hana mke wala watoto, au kana kwamba mke na watoto watalishwa na shamba la kijijini. Posho ya mtu mmoja iligawanywa kwa watu watano, kisha waliposhindwa kufika mwisho wa mwezi wakaambiwa kwamba hawajui thamani ya fedha. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli na wa majumbani, waliacha kazi, na mji ukasimama. Hawakuwa wakidai mafunzo ya matumizi. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, kamati ya serikali ya Kenya iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba msingi wa mshahara ulikuwa ni wa mtu asiye na familia, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hata ufikie mahitaji ya mtu na mkewe na watoto wake. Yaani kwa miaka yote ile kasoro ilikuwa katika bahasha ya mshahara, na lawama ikapelekwa jikoni.

Hata huko Uingereza maneno yalikuwa ni hayo hayo. Seebohm Rowntree aliuchunguza mji wa York mwaka 1899, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1901 akakadiria kwamba familia ya baba, mama na watoto watatu haiwezi kuishi kwa chini ya shilingi 21 na peni 8 kwa wiki, na kadirio hilo halikuwa na nyama mbichi ndani yake. Yeye mwenyewe akaeleza maana ya kuishi kwa kiasi hicho: familia isipande treni, isinunue gazeti, isiandike barua kwa mtoto aliye mbali kwa kuwa haina fedha ya stempu. Bajeti ya namna hiyo hushikwa na nani katika wanadamu?

Aliyejibu vizuri zaidi alikuwa mwanamke, Maud Pember Reeves, ambaye kwa miaka minne tangu 1909, yeye na wenzake wa chama cha wanawake wa Fabian, waliwatembelea wake wa vibarua wa Lambeth, London, wakawaomba waandike kila peni iliyotoka, na mwaka 1913 hesabu hizo zikatoka katika kitabu, *Round About a Pound a Week*. Wenye nafasi walikuwa wakiwashutumu wanawake wale kwa kuwapa watoto mkate kila asubuhi, ilhali uji ni rahisi na una nguvu. Wachunguzi walipoingia ndani waliona sababu: chungu kilikuwa kimoja, tena kikuukuu, ndicho kilichopikiwa samaki na mboga, na uji ukiungua ndani yake hubeba harufu ya yote, gesi ilinunuliwa kwa kutumbukiza peni ndani ya mita, na uji hutaka kukorogwa motoni muda mrefu, maziwa hayakuwapo, na mtoto aliyepewa uji bila ya maziwa wala sukari aliukataa. Mkate haukutaka chungu, wala moto, wala sahani. Kumbe uamuzi uliochekwa kama ujinga ulikuwa umepimwa pande zote na mtu aliyekuwa na habari kamili kuliko waliomcheka. Lambeth ile na Tandale hii zinatenganishwa na karne moja na bahari mbili, na bado peni ya gesi na kikombe cha mafuta vimehukumiwa kwa kosa moja.

Nisije nikadhaniwa kwamba nakana israfu. Ipo. Wapo wanaokopa kwa sare za harusi, wapo vijana wanaomaliza ujira wao katika kamari za mpira kabla ya jua kuchwa, wapo wanaume wenye fungu la bia lisilopungua mwezi wowote. Lakini tazama ilipo israfu hiyo: haipo katika robo ya sukari. Na hapa sina budi kusema jambo ambalo wanaume wenzangu hawapendi kulisikia. Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, mume hutoa masurufu kila asubuhi, na mke hajui mshahara wa mumewe ni kiasi gani, umeingia lini, na umebaki nini. Mwanamke huyo huyo ndiye anayealikwa katika semina akafundishwa bajeti ya mwezi. Atapangaje mwezi mtu anayekabidhiwa siku? Mume anayetaka nyumba yake iwe na hesabu ya mwezi yupo katika haki yake. Basi na auweke mshahara wote mezani siku unapoingia, pamoja na lile fungu lake la mchana, la nauli na la kahawa, waandike wote wawili, na bei ikipanda waketi tena. Anayeficha mapato kisha akadai hesabu ya matumizi anadai asichostahiki.

Wala sitetei kwamba hali ibaki kama ilivyo. Wanawake wenyewe wamekwisha kuonyesha njia, nao hawakuifundishwa na mtu. Katika mitaa ya Dar es Salaam sarafu za chenji huingia katika mchezo, yaani upatu, chini ya kijumbe anayeaminika; na ipo michezo ambayo mwanachama, zamu yake ikifika, hapewi fedha ila mchele, sukari na mafuta vilivyonunuliwa kwa bei ya jumla, hasa Ramadhani inapokaribia. Hapo bei ya jumla imepatikana bila ya mtu mmoja kufunga akiba yake yote, na bila ya chumba kimoja kubeba magunia ya mwezi. Jambo hilo ndilo la kutiwa nguvu: vikundi hivyo vipewe bei ya jumla hata vikija na fedha ndogo, vipate pa kuweka mizigo yao sokoni kwa siku chache, na wakaguzi wa vipimo, ambao kwa haki wamepigana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa ajili ya mkulima, wakague kwa bidii hiyo hiyo kikombe cha mafuta na kopo la mkaa, kwa maana anayenunua kwa kipimo kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na kipimo kilichobonyea kitakoni. Na waajiri wanaolipa vibarua wao kwa kuchelewa, wiki moja leo na mbili kesho, wajue kwamba kuchelewa kwao huandikwa katika daftari la Mangi, na huliwa na watoto kama njaa.

Yule anayeona kwamba nimekosea, na anijibu. Lakini simtaki anijibu kwa orodha ya kitabuni. Achukue nyumba moja ya watu sita iliyo hai, aandike mapato yake kama yanavyoingia kweli, siku yanapoingia na siku yasipoingia. Aandike mkaa, maji ya ndoo, nauli, kodi ya chumba inayodaiwa kwa miezi mitatu au sita kwa mpigo, michango ya misiba. Aandike bei za soko la leo, si za mwaka jana. Kisha aniwekee mezani masurufu ya chakula cha siku thelathini ambayo yeye mwenyewe, na mkewe, na watoto wake, wapo tayari kuyala kwa siku thelathini bila ya kuongeza hata senti. Hesabu hiyo nitaisoma mstari kwa mstari, na ikiwa ni ya kweli, nitaibandika ukutani na kuitangaza kwa jina lake.